Majeruhi Huenda Mlango Ulio Karibu: Wauguzi, Hospitali za Kibinafsi na Utayari wa Maafa Mombasa

Mipango mingi ya maafa huandikwa kana kwamba majeruhi wote watachukuliwa na ambulensi, watapangwa kandokando ya barabara na kufikishwa katika hospitali kuu ya serikali kwa utaratibu unaojulikana. Mombasa mambo hayaendi hivyo. Aliyeumia hupakiwa kwenye tuktuk, matatu au gari la mpita njia mwenye huruma, na dereva humkimbiza katika hospitali ya kwanza inayomjia akilini, ambayo mara nyingi ni ya kibinafsi. Hivyo hakuna haja ya kujadili kama hospitali za kibinafsi zitahusishwa katika maafa yajayo, kwa kuwa zitahusishwa zitake zisitake, na mtu wa kwanza kuyapokea atakuwa muuguzi wa zamu. La kujadiliwa ni kama muuguzi huyo amefundishwa la kufanya, na kama mwajiri wake amempa mamlaka ya kulifanya saa nane za usiku bila kumsubiri mkurugenzi aamke.

Hali hii haiko Mombasa pekee. Tarehe 20 Machi 1995, watu waliposhambuliwa kwa gesi ya sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, hospitali ya kibinafsi ya St. Luke's ilipokea wagonjwa 640 siku hiyohiyo, kwa sababu tu ilikuwa karibu na vituo vilivyoathirika. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 2017, watu walipopigwa risasi kwenye tamasha huko Las Vegas, hospitali ya Sunrise, ambayo nayo ni ya kibinafsi, iliwapokea takribani majeruhi 200 kwa muda wa saa chache, na wengi waliletwa na magari ya watu binafsi. Ikiwa miji yenye ambulensi nyingi kuliko wetu imeshindwa kuzuia umati kumiminika kwenye mlango ulio karibu, haifai sisi tupange kwa kudhani kwamba tutaweza.

Jiografia ya Mombasa inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Kaunti hii ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Hospitali zake kongwe na kubwa, yaani Hospitali ya Rufaa ya Pwani pamoja na zile za kibinafsi kama Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital, zimejengwa kisiwani. Lakini matangi ya mafuta ya Changamwe, gati la mafuta la Kipevu, Uwanja wa Ndege wa Moi na kituo cha reli cha Miritini viko bara ya magharibi, ng'ambo ya Makupa, panapopita barabara inayounganisha kisiwa na bara hiyo. Likoni imetengwa na kisiwa kwa mkondo wa bahari unaovukwa kwa feri, na Nyali na Kisauni hutegemea daraja moja kubwa. Lori la mafuta likilipuka karibu na Makupa na barabara ikafungwa, majeruhi waliobaki upande wa bara watatibiwa na kliniki na hospitali ndogo za Changamwe, Mikindani na Miritini, ambazo nyingi ni za kibinafsi, zina vitanda vichache, na usiku huachwa mikononi mwa muuguzi mmoja au wawili. Ndiyo maana naona ni kosa kuyaelekeza mafunzo ya maafa kwenye hospitali kubwa peke yake. Kliniki yenye vitanda kumi inaweza kukatika mawasiliano na kisiwa kwa saa kadhaa, na kwa saa hizo hiyo ndiyo itakayokuwa hospitali ya watu wa eneo hilo.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata katika vikao rasmi. Dharura ni tukio linalohitaji hatua za haraka lakini hospitali inaweza kulimudu kwa watu na vifaa ilivyo navyo, kama vile mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au abiria watatu wa ajali ya matatu. Maafa ni pale mahitaji yanapozidi uwezo. Kipimo, basi, ni uwiano wa idadi ya wagonjwa na uwezo wa mahali walipo. Majeruhi kumi na wawili wa moto hospitali kubwa yenye vyumba vya upasuaji inaweza kuwapokea kwa taabu. Majeruhi haohao wakifika kwenye kliniki ya mtaani, hayo ni maafa kamili. Muuguzi anayeuelewa uwiano huu atajua lini aache utaratibu wake wa kila siku na kuingia katika utaratibu mwingine, na kuujua wakati huo ndilo somo la kwanza la mafunzo yote.

Utaratibu huo mwingine unaanza na jambo gumu kwa dhamiri ya muuguzi. Siku za kawaida, mgonjwa aliye mahututi zaidi hupewa kila kitu: daktari, wauguzi watatu, damu na mashine ya kupumulia. Siku ya maafa lengo hugeuka na kuwa kuokoa watu wengi iwezekanavyo, na kwa sababu hiyo kuna mgonjwa atakayewekwa kando ingawa siku nyingine angehangaikiwa hadi mwisho. Kanuni moja inayotumika sana ilibuniwa mwaka 1983 huko Newport Beach, California, na hospitali ya Hoag pamoja na kikosi cha zimamoto cha mji huo, na inaweza kutekelezwa kwa kila majeruhi kwa muda usiozidi dakika moja. Anayeweza kutembea huambiwa asogee upande mmoja na kupewa rangi ya kijani, ya wenye majeraha madogo. Waliobaki hukaguliwa pumzi kwanza: asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa, na akiendelea kutopumua hupewa rangi nyeusi, ya asiyetarajiwa kuokolewa; anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika hupewa nyekundu, ya anayehitaji kuhudumiwa kwanza. Kisha mzunguko wa damu: ambaye mpigo wa mshipa wa kifundo cha mkono haupatikani, au ambaye ukucha uliobonyezwa unachukua zaidi ya sekunde mbili kurudisha rangi, huyo naye ni mwekundu. Mwisho ni fahamu: asiyeweza kutii agizo jepesi kama "fumba macho" ni mwekundu, na anayeweza hupewa manjano, ya anayeweza kusubiri kidogo.

Ukizisoma, hatua hizi zinaonekana nyepesi. Ugumu wake ni kuzifanya mbele ya ndugu wanaolia na kumvuta muuguzi nguo, huku wenye rangi ya kijani ndio wanaofika wa kwanza kwa kuwa wana miguu ya kuwafikisha. Hapo ndipo hospitali nyingi huteleza: vitanda vyote vya kitengo cha dharura hujazwa na watu wenye michubuko na mikono iliyoteguka, na mwenye kuvuja damu ndani ya tumbo anapofika baada ya nusu saa hakuna pa kumlaza. Muuguzi aliyefundishwa huwapangia wa kijani mahali pengine tangu mwanzo, labda kliniki ya wagonjwa wa nje au chini ya mti uani, akawawekea msaidizi wa kuwaangalia, na kurudi kuwapima tena, kwa sababu rangi si hukumu ya kudumu. Wa kijani anaweza kugeuka mwekundu.

Je, kila muuguzi anahitaji kujua kiasi gani? Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa mwongozo wa umahiri wa uuguzi wa maafa mwaka 2009 na kuurekebisha mwaka 2019, na mgawanyo wake unatufaa. Ngazi ya kwanza ni ya muuguzi yeyote aliyehitimu: ajue wajibu wake katika mpango wa hospitali, ajikinge, apange majeruhi, atoe taarifa. Ngazi ya pili ni ya muuguzi aliyeteuliwa na taasisi yake kuongoza au kufundisha wengine. Ya tatu ni ya wale wanaotumwa katika maeneo ya maafa. Hospitali ya kibinafsi ya Mombasa haihitaji watu wa ngazi ya tatu. Inahitaji kila muuguzi awe wa ngazi ya kwanza, pamoja na wale wa kibarua wanaoitwa kuziba mapengo ya zamu, na katika kila zamu awepo angalau mmoja wa ngazi ya pili. Upande wa tiba yenyewe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018 kozi ya huduma za msingi za dharura, iliyotayarishwa kwa ajili ya mahali penye vifaa vichache, ambayo hufundisha kumwendea mgonjwa kwa mpangilio uleule kila mara: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua nguo na kumkagua mwili mzima. Kozi hii huchukua siku chache, na inaweza kuunganishwa na masomo endelevu ambayo wauguzi wanayahitaji ili kuhuisha leseni zao.

Kuna fundo ambalo mafunzo peke yake hayawezi kulifungua, nalo ni la mamlaka. Katika hospitali nyingi za kibinafsi madaktari bingwa si waajiriwa wa kudumu. Wao huja kuwaona wagonjwa wao na kuondoka, na usiku huwa nyumbani wakisubiri simu. Mkurugenzi na mhasibu nao hawapo. Anayebaki ni muuguzi msimamizi wa zamu, daktari mmoja kijana, mlinzi na karani wa mapokezi. Mpango wa maafa unaosema kwamba tangazo la hali ya maafa litatolewa na mkurugenzi ni mpango wa saa za ofisi. Msimamizi wa zamu aandikiwe waziwazi kwamba anaweza kutangaza hali hiyo, kuwaita waliopumzika, kufungua stoo na kusimamisha upasuaji usio wa haraka, na kwamba hatalaumiwa ikibainika baadaye kuwa tukio lilikuwa dogo. Anayeogopa kuadhibiwa kwa tahadhari ya bure atangoja mpaka ukumbi umejaa.

Tatizo la nafasi nalo lina sura yake katika hospitali za kulipia. Njia inayojulikana ya kupata vitanda upesi ni kuwaruhusu wagonjwa ambao hali zao zimetulia waende nyumbani au wahamishiwe kwingine. Wodini kazi hiyo haimshindi muuguzi mzoefu, kwani anapopita kwenye vitanda anajua nani angeweza kuondoka leo. Lakini kila anayelazwa hospitali ya kibinafsi anajua kwamba kati ya daktari kusema "nenda nyumbani" na mgonjwa kutoka langoni, hupita saa tatu, nne, pengine siku nzima, huku idhini ya bima ikisubiriwa na ankara ikifungwa. Utaratibu huo ukiendelea siku ya maafa, mtu aliyepona atashikilia kitanda anachohitaji anayekufa. Basi idara ya fedha iingizwe katika mafunzo sawasawa na wauguzi. Iwepo fomu moja fupi ya kuruhusu wagonjwa wakati wa maafa, iliyokubaliwa mapema na kampuni za bima, ambayo msimamizi wa zamu anaisaini na hesabu zinafuata baadaye. Sijui jambo jingine lenye gharama ndogo kama hili linaloweza kuongeza vitanda kwa kasi hiyo.

Vifaa nitavipitia kwa ufupi. Muuguzi anapaswa kujua mitungi ya oksijeni iliyojaa ni mingapi na itatosha saa ngapi ikiwa wagonjwa ishirini watahitaji hewa kwa wakati mmoja. Jenereta inamudu wodi zipi, ina mafuta ya muda gani, na kama imewekwa mahali ambapo mvua za masika haziwezi kuifikia. Umeme ulipokatika karibu nchi nzima mwezi Agosti 2023, jambo hili lilitoka kwenye makaratasi. Damu ni suala la pamoja: hospitali za kibinafsi hutegemea kituo cha damu cha kanda, na zote zikipiga simu saa ileile, kila moja ikitaka kundi O, anayehitaji zaidi hatatambulika bila mtu mmoja wa kaunti anayepokea maombi yote na kugawa.

Kemikali zinastahili kupewa muda zaidi kuliko zinavyopewa sasa. Makontena yenye viuatilifu, tindikali na gesi hupita bandarini na kupakiwa kwenye malori yanayopita katikati ya mitaa. Funzo la Tokyo ni chungu: katika St. Luke's zaidi ya wafanyakazi mia moja walipata dalili za sumu kutokana na mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa waliowahudumia ndani, wengine katika kanisa la hospitali lisilokuwa na hewa ya kutosha. Hawakukosa ujuzi wa tiba. Walikosa kizuizi mlangoni. Kwa tukio la kemikali, wagonjwa wabaki nje mpaka wavuliwe nguo na kuoshwa, na kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kwa hali ya hewa ya Mombasa maji ya bomba na uwanja ulio wazi vinatosha kuanzia, mradi ziwepo pazia, maana wanawake wetu hawatakubali kuvuliwa hadharani na hawapaswi kuombwa hivyo. Hospitali iliyosahau pazia na shuka safi itawapata wagonjwa waliokataa kuoshwa, na wauguzi watakaoathirika pamoja nao.

Milipuko ya magonjwa nayo ni maafa, ila huja polepole. Chikungunya iliyoanza mwishoni mwa 2017, kipindupindu kinachorudi mara kwa mara na korona ya 2020 vimewafundisha wauguzi wetu mengi kuhusu kutenga wagonjwa na kujikinga, na ujuzi huo ungalipo.

Lipo eneo moja ambalo mafunzo mengi hulisahau kabisa: jamaa na wafu. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa. Katika msiba wa namna hiyo wanaofika hospitalini wakiwa hai ni wachache, na kazi kubwa huwa ni miili, utambuzi wake na umati wa watu wanaotafuta ndugu zao kutoka hospitali moja hadi nyingine. Hospitali ikikosa orodha moja inayoshirikishwa na nyingine zote, jamaa wataingia wodini kutafuta wenyewe, na kitengo cha dharura hakitafanya kazi. Pwani kuna jambo la ziada: familia za Kiislamu hutaka kumzika marehemu wao upesi, ikiwezekana siku hiyohiyo, na dai hilo ni la haki, ilhali polisi wanahitaji mwili utambuliwe kwa uhakika kabla haujatolewa. Muuguzi asiachwe peke yake kati ya hao wawili. Hospitali ikubaliane mapema na polisi, viongozi wa misikiti na makanisa kuhusu nani atazungumza na familia, wapi, na utambuzi utafanyika vipi bila kuchelewesha pasipo sababu wala kumkabidhi mtu mwili usio wake.

Tukifika kwenye sheria na pesa, wamiliki wa hospitali huwa na swali moja: nani atalipa? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba matibabu hayo yanahusu huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake na kupanga uhamisho, na taasisi yenye uwezo inayokataa kuyatoa inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Kumdai majeruhi malipo ya awali mlangoni, basi, si suala la sera ya hospitali, ni kosa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilianzisha hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi ili gharama hizi zipate pa kurudishwa. Wenye hospitali wana haki kulalamika kwamba malipo ya madai yamekuwa yakichelewa tangu enzi za NHIF, mfuko wa bima ya afya uliotangulia, na serikali inayotaka milango iwe wazi inapaswa kulipa kwa wakati. Lakini malalamiko hayo yapelekwe kwenye meza ya kaunti na hazina kabla ya siku ya maafa, yawekwe katika makubaliano ya maandishi: hospitali ipi itapokea majeruhi wa kuungua, ipi watoto, nani atatoa ambulensi za kuwahamisha, na rekodi gani zitakubaliwa kama ushahidi wa madai. Katiba imezipa kaunti jukumu la ambulensi, zimamoto na usimamizi wa maafa, kwa hiyo mwitishaji wa kikao hicho anajulikana.

Makubaliano hayo yanapimwa kwa mazoezi. Si lazima kuanza na igizo kubwa lenye ving'ora na watu waliopakwa rangi nyekundu. Zoezi la mezani la saa mbili, ambapo msimamizi wa zamu, karani, mlinzi, mfamasia na mhasibu wanapewa kisa na kuulizwa kila mmoja angefanya nini dakika ya tano, ya ishirini na ya sitini, hufichua mapengo mengi: namba za simu za watu walioacha kazi zamani, ufunguo wa stoo ulio na mtu mmoja, lango la ambulensi linalozibwa na magari ya wageni. Lifanywe pia usiku, na katika mwezi wa Ramadhani wakati wa kufuturu, maana zamu za saa hizo huwa na watu wachache. Kwa zoezi kubwa, ipo nafasi ambayo tayari imewekwa: kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka viwanja vya ndege kufanya zoezi kamili la dharura kwa vipindi visivyozidi miaka miwili. Hospitali za kibinafsi za Mombasa ziombe kushiriki katika lile la Uwanja wa Moi, zikiwa na wauguzi wao wa zamu halisi badala ya kuwatuma maofisa wa kuangalia.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wamiliki ni kwamba muuguzi aliyefundishwa huondoka. Akishapata vyeti huenda Uingereza, ambayo ilitia saini mkataba wa kuwaajiri wauguzi wa Kenya mwaka 2021, au nchi za Ghuba, au hospitali ya jirani inayolipa zaidi kidogo. Ni kweli, wanaondoka, na wana haki ya kuondoka. Linalofuata kutokana na ukweli huo ni kwamba mafunzo yasiwekezwe kwa mtu mmoja anayepelekwa semina hotelini na kurudi na mkoba. Yafanywe hospitalini, kwa zamu nzima, kwa saa mbili au tatu kila robo ya mwaka, na kila mwajiriwa mpya apitishwe katika mpango wa maafa ndani ya wiki yake ya kwanza, kama anavyoonyeshwa kabati la dawa. Kadi za wajibu ziwe za nafasi badala ya mtu: kadi ya msimamizi wa zamu, ya mpangaji wa majeruhi, ya mwandika orodha, ya mlinzi wa lango, kila moja ikiwa na hatua zisizozidi kumi kwa Kiswahili kinachosomeka haraka, zikitundikwa mahali ambapo hata muuguzi wa kibarua aliyefika jioni hiyo kwa mara ya kwanza atazikuta.

Na baada ya tukio, wauguzi hao wapewe watu wa kuwapokea zamu kabla hawajaishiwa nguvu, usafiri wa kuwarudisha Kisauni au Likoni wakati matatu zimeadimika, na mtu mwenye ujuzi wa kuzungumza nao katika siku zinazofuata, gharama zake zikiwa zimeandikwa katika bajeti ileile iliyonunua mitungi ya oksijeni.